Kupima Makala Ndefu kwa Mizani ya Nyumbani

Makala ndefu ni habari iliyopewa muda. Mwandishi wake hukaa na jambo kwa wiki, kwa miezi, pengine kwa miaka. Huwarudia wahusika aliokwisha kuwahoji, husoma nyaraka ambazo ripota wa kila siku hana nafasi ya kuzifungua, kisha hulisimulia jambo hilo kwa maneno elfu 3, elfu 5 au zaidi, pamoja na watu wake, mahali pake na mfuatano wake. Habari ya kawaida humwambia msomaji kwamba daraja limebomoka. Makala ndefu humwambia ni nani aliyepewa kandarasi, saruji ilipungukia wapi, nani alikataa kutia sahihi, na mama muuza ndizi anavukia wapi siku hizi.

Urefu peke yake si sifa. Magazeti ya wikendi yana kurasa nyingi zilizorefushwa kama mchuzi ulioongezwa maji: mtaalamu wa kwanza anasema, wa pili anakubaliana naye, wa tatu anarudia. Makala inayostahili kupendekezwa ni ile ambayo ikikatwa nusu, kuna jambo msomaji atalikosa. Mfano unaojulikana duniani kote ni ripoti ya John Hersey kuhusu Hiroshima, iliyojaza toleo zima la jarida la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946. Kufikia siku hiyo, habari ya bomu ilikuwa na mwaka mzima na kila mtu alikuwa ameshaisikia. Hersey aliwafuata watu sita tu walionusurika, akaeleza kila mmoja alikuwa akifanya nini dakika ile na yaliyompata baadaye, kwa maneno yapatayo elfu 31. Msomaji aliyekuwa akijua idadi ya waliokufa alikutana kwa mara ya kwanza na karani, daktari na mjane wa mshonaji.

Makala za namna hii sasa ni nyingi kuliko muda wa kuzisoma, na ndipo ugumu wa kupendekeza unapoanzia. Orodha za makala bora hutungwa London na New York, na huwafaa zaidi wasomaji wa huko. Kwa msomaji wa Meru au Embu ipo njia nyingine, isiyohitaji orodha ya mtu: kuanza na makala zinazohusu mambo anayoyajua kwa macho yake. Hapo ana mizani mkononi. Mwandishi akikosea kuhusu Maua au Kiritiri, msomaji atamnasa. Akipatia, msomaji amepata sababu ya kumwamini atakapoandika kuhusu Goma au Gaza, ambako hakuna namna ya kumkagua.

Miraa ni mtihani mzuri kwa sababu imeandikwa sana, na mengi ya maandishi hayo ni mabovu. Katika Igembe na Tigania, kwenye miteremko ya Nyambene, vichipukizi huchumwa asubuhi, vikapangwa kwa urefu na rangi, vikafungwa kwa kamba katika vifungu vidogo vinavyoitwa surba. Surba kumi hufanya kilo. Kilo hiyo haina uhusiano wowote na mizani ya duka la nyama. Ni hesabu ya vifungu wala si uzito. Halafu mzigo hufungwa kwa majani ya migomba ili unyevu usipotee, na magari huondoka Maua, Laare au Kangeta yakielekea Nairobi kwa mwendo unaowafanya watu wa barabarani kusogea pembeni. Mwandishi anayeripoti kwamba soko fulani lilipokea “kilo elfu moja” za miraa na kuzigeuza kuwa tani moja amejitambulisha mwenyewe: hakuwahi kusimama kwenye kibanda cha kufungia. Kosa ni dogo, lakini humwambia msomaji wa Laare kwamba takwimu zote zilizofuata zilipikwa mezani.

Mwendo wa magari nao ni kipimo. Habari fupi huishia kwenye ajali na ukichaa wa madereva. Mwandishi aliyekaa na jambo hili hufika mbele kidogo: kathinoni, kiini kinachompa mtafunaji uchangamfu, huanza kupungua nguvu mara tu tawi linapokatwa, na baada ya siku mbili hivi bidhaa imekuwa kuni. Dereva anakimbizana na kemia. Hapo ndipo msomaji anapoona kwa nini ndege, vituo vya polisi, majani ya migomba na bei ya jioni ni mnyororo mmoja.

Kati ya maandishi yaliyoupita mtihani huu, cha kutajwa kwanza ni kitabu cha Neil Carrier, Kenyan Khat, kilichotoka mwaka 2007. Ni kazi ya mtafiti wa chuo kikuu, na baadhi ya kurasa zake zina uzito wa chuo, lakini mwandishi huyo alitembea na zao lenyewe kutoka mtini Nyambene hadi kwa wanunuzi wa mbali, na anajua tofauti ya aina za miraa ziitwazo giza na kangeta. Msomaji asiye na nia ya kumaliza kitabu kizima atafaidika na sehemu zinazoeleza namna mzigo unavyobadilisha mikono.

Kisha kuna suala la marufuku. Uholanzi ilipiga miraa marufuku Januari 2013. Uingereza ilifuata tarehe 24 Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu linaloishauri serikali hiyo kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza, Januari 2013, kwamba isipigwe marufuku. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, aliuweka ushauri kando. Makala nyingi za Kenya za mwaka ule zilikomea kwenye kilio cha wakulima, na nyingi za Uingereza kwenye kilio cha familia za Wasomali waliotaka waume zao warudi nyumbani. Makala ya kutafutwa ni ile inayoweka vilio vyote viwili katika ukurasa mmoja, pamoja na ushauri uliokataliwa na sababu za kukataliwa kwake. Zipo, ila chache. Somalia nayo ilifunga mlango Machi 2020 na kuufungua Julai 2022, na jambo hilo liliwagusa watu wa Nyambene kwa uzito zaidi kuliko la London, lakini halijaandikwa kwa kina kama hilo. Huo ni upungufu ambao msomaji mdadisi anapaswa kuuona: makala ndefu hufuata mahali penye wasomaji wenye pesa.

Embu ina mfano wake mpya zaidi. Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Muguka ni mmea uleule wa miraa kwa jina la kisayansi, lakini sokoni ni kitu kingine: hutafunwa majani wala si gome la kichipukizi, ni rahisi kwa bei, na hutoka hasa upande wa Mbeere, kwenye ardhi kavu ambako mahindi humtia mkulima hasara mwaka baada ya mwaka. Mwishoni mwa mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hizo, na Ikulu ikasema kwamba hazina nguvu kwa kuwa miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na sheria ya taifa, yakiwa na kanuni zake za mwaka 2023. Kwa wiki kadhaa magazeti na televisheni vilikuwa na kazi ya kupokezana: leo mbunge wa Embu, kesho kiongozi wa dini wa Pwani.

Yote yaliyosemwa yanaweza kuwa kweli na bado msomaji asielewe kitu. Ukimsikiliza mkulima wa Siakago, muguka ni karo ya mtoto. Ukimsikiliza mzazi wa Kisauni, muguka ni mtoto aliyeacha shule. Makala ndefu inayostahili jina hilo ingepanda lori pamoja na magunia, ingeshuka nayo Mombasa, ingesimama na mchuuzi kwenye meza yake, ingeuliza ushuru wa kaunti unaotozwa kwa kila gari unaingia mfuko gani, na ingekaa sebuleni kwa yule mzazi hadi chai ipoe. Katika kuzitafuta makala kuhusu sakata hili, kipimo ni kimoja: mwandishi amelala usiku pande zote mbili za barabara, au amelala upande mmoja na kupiga simu upande wa pili?

Historia ya vita vya Mau Mau ndiyo eneo jingine ambalo Meru na Embu zina haki ya kumkagua mwandishi, na hapa kuna makala moja inayopaswa kuwa ya kwanza katika mapendekezo yoyote. Iliandikwa na Marc Parry na kuchapishwa na gazeti la The Guardian la Uingereza Agosti 2016, katika ukumbi wake wa makala ndefu. Inamhusu Caroline Elkins, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kambi za vizuizi, kilichomletea Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Ubora wa makala ya Parry uko katika jinsi inavyofuata njia ya kujua. Elkins alianza akiwa mwanafunzi aliyeamini hadithi ya serikali ya kikoloni kwamba kambi zilikuwa shule za kurekebisha tabia. Kwenye hifadhi za nyaraka, London na Nairobi, alikuta mapengo: mafaili yaliyopaswa kuwapo hayakuwapo. Akageukia wazee vijijini, akawahoji mamia. Kitabu kilipotoka, wanahistoria wenzake walimshambulia, wengine kwa hoja zenye uzito, hasa kuhusu hesabu yake ya waliokufa na kutegemea kwake masimulizi ya mdomo. Parry hafichi ukosoaji huo. Anawapa wakosoaji nafasi, wakiwemo wale ambao mpaka leo hawajakubaliana na Elkins.

Kisha ikaja kesi. Juni 2009 wazee watano wa Kenya walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London. Mapema mwaka 2011, kesi ikiendelea, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na masanduku yapatayo 300 ya mafaili ya Kenya, karibu mafaili 1,500, yaliyoondolewa Nairobi kabla ya uhuru na kuwekwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali kaskazini mwa London. Wazee waliodaiwa kuwa wanabuni walikuwa wakisema yaliyoandikwa humo. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni na kutangaza masikitiko ya serikali yake pamoja na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Msomaji wa Embu ana sababu ya ziada ya kuisoma habari hii akiwa na kalamu. Kambi za Mwea, kama Thiba, Gathigiriri na Kandongu, zilikuwa wakati huo katika wilaya ya Embu. Kirinyaga ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1963. Huko Mwea ndiko kulikobuniwa, mwaka 1957, utaratibu wa kuwavunja wafungwa sugu kwa kuwaleta katika vikundi vidogo na kuwatumia nguvu tangu wanaposhuka kwenye gari. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alisaidia kuupatia utaratibu huo kivuli cha sheria kwa kutofautisha nguvu ya kulazimisha na nguvu ya kuadhibu, tofauti ambayo mtu aliyelala chini akipigwa asingeiona. Utaratibu huohuo uliposafirishwa hadi kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959. Mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo leo hulisha nchi kwa pishori, ilianza kuchimbwa kwa mikono ya wafungwa. Familia nyingi za eneo hili zina babu aliyeshika jembe lile.  Msomaji anayetaka undani arudi kwa Elkins mwenyewe, na pembeni aweke kitabu cha J. M. Kariuki cha mwaka 1963, kilichoandikwa na mtu aliyezipitia kambi za vizuizi kwa miguu yake.

Upande wa Meru haujapata bahati kama hiyo. Musa Mwariama, jemadari wa msitu anayetajwa kuwa hakuwahi kukamatwa wala kujisalimisha hadi uhuru, na Baimungi, aliyeuawa na vikosi vya serikali mwaka 1965, serikali ambayo tayari ilikuwa ya Waafrika, hutajwa kila Sikukuu ya Mashujaa kwa aya mbili. Masimulizi yao yamo midomoni na katika vipande vya magazeti. Mtu anayependekeza makala hana budi kukiri kwamba baadhi ya zile bora zaidi bado hazijaandikwa.

Simba Elsa, kwa upande mwingine, ameandikwa hadi wino kukauka. Kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960 kilimfanya jike huyo maarufu kuliko gavana yeyote wa koloni, na kaburi lake limo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru. Ni usomaji mtamu. Msomaji wa Igembe au Tharaka atafurahia zaidi akiuliza, ukurasa kwa ukurasa, watu wa pembezoni mwa mbuga wako wapi.

Meru imetoa pia mtu aliyeonyesha kwamba maandishi marefu yanaweza kuwa hatari kwa mwandishi wake. Gitobu Imanyara, wakili aliyekuja kuwa mbunge wa Imenti ya Kati, alianzisha jarida la The Nairobi Law Monthly mwaka 1987. Kwa sura lilikuwa jarida la sheria: hukumu, maoni ya mawakili, nukuu za katiba. Ndani ya ganda hilo kavu mlikuwa na jambo ambalo magazeti ya kila siku hayakuthubutu kulichapisha kwa urefu, yaani mjadala wa vyama vingi. Mwaka 1990 lilitoa toleo zima juu ya mjadala huo. Imanyara alikamatwa Julai mwaka huo, wakati wa vuguvugu la Saba Saba. Septemba serikali ikalipiga jarida marufuku, matoleo yaliyopita, lililopo na yatakayokuja, na Oktoba mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo. Alikamatwa tena Machi 1991, na mwaka huohuo chama cha kimataifa cha wenye magazeti kikamtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Desemba, kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa.

Matoleo ya zamani ya jarida hilo, pamoja na The Weekly Review ya Hilary Ng’weno iliyotoka tangu 1975 hadi 1999, ni shule kwa anayetaka kujua Kenya ilivyojieleza yenyewe kabla ya intaneti. Ng’weno aliandika kwa tahadhari, mara nyingine tahadhari iliyopita kiasi, lakini uchambuzi wake wa chaguzi za miaka ya themanini una majina, hesabu na koo kwa namna ambayo hakuna programu ya leo inayoifikia. Mengi ya magazeti hayo yaliishia kufungia nyama na maandazi. Yaliyosalia hutafutwa katika maktaba za vyuo na kwa wauza vitabu vya mitumba, na yakionekana si ya kuachwa.

Kizazi kilichofuata kilibadilisha sauti. Jarida la Kwani?, lililoanzishwa na Binyavanga Wainaina na wenzake mwaka 2003, lilichanganya hadithi za kubuni na ripoti ndefu, na toleo lake la tano, lenye sehemu mbili, lilikusanya sauti za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Katika kazi zote zilizotoka nyumba hiyo, inayofaa kupendekezwa kwa mtu yeyote bila kusita ni simulizi ya Billy Kahora kuhusu David Munyakei. Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ambaye, mwanzoni mwa miaka ya tisini, aliona malipo ya kampuni ya Goldenberg yasiyoeleweka na kutoa nakala za nyaraka. Alikamatwa mwaka 1993, kesi ikaanguka, kazi hakurudishiwa. Alikufa mwaka 2006 akiwa maskini, baada ya kupewa tuzo ya uadilifu.

Kinachoifanya kazi ya Kahora kuwa ya pekee ni kwamba inakataa kumgeuza Munyakei sanamu. Anaonekana akitembea, akijisifu, akisahau, akibadilisha simulizi yake, akitumaini kuajiriwa tena na benki ileile. Msomaji aliyezoea mashujaa wa magazetini hushtuka, kisha huamini. Aliyewahi kumjua mfichua siri wa kaunti au wa chama cha ushirika cha kahawa, na ni vigumu kuishi Embu au Imenti bila kumjua hata mmoja, atamtambua mtu huyu papo hapo.

Wainaina mwenyewe aliacha kifaa kidogo kinachostahili kubebwa na kila msomaji. Mwaka 2005 jarida la Granta lilichapisha makala yake fupi ya kejeli inayowafundisha wageni namna ya kuiandika Afrika, na kila ushauri uliomo ni kosa ambalo wageni hulifanya kweli. Si ndefu, lakini ni kichujio cha ndefu: baada ya kuisoma, mtu huanza kuona ni makala ngapi za kigeni kuhusu Kenya zinafunguliwa kwa machweo ya jua.

Swali la lugha haliwezi kukwepwa. Karibu kila kilichotajwa hapa kimeandikwa kwa Kiingereza. Si kwamba Kiswahili hakina desturi ya ripoti ndefu. Kinayo, tena ya zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, na miongoni mwake mna ya Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani. Anaandika baridi, vyakula, bei na adabu za watu wa huko kwa jicho la mtu ambaye hajaambiwa la kuona. Hiyo ni makala ndefu kamili, miongo kadhaa kabla ya gazeti la Baraza kuanza Nairobi mwaka 1939. Kilichopungua ni mahali pa kuchapisha. Taifa Leo lina kurasa za makala, na baadhi yake ni nzuri, lakini nafasi ya gazeti la kila siku humkata mwandishi anapoanza kupata moto. Kwa sasa ripoti ndefu isiyo ya Kiingereza husikika zaidi kuliko kusomwa, na vituo kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu na Kimbeere vina wasikilizaji ambao gazeti lolote lingewatamani.

Kwa hiyo, anayependekeza makala katika eneo hili mara nyingi hufanya kazi mbili: huichagua, kisha huisimulia. Makala ya Parry ikielezwa kwa Kiembu kwa nusu saa mbele ya mzee aliyepitia Mwea huzaa makala nyingine, na hiyo ya pili yafaa kuandikwa palepale pamoja na tarehe.

Njia za kuzipata zimekuwa rahisi kuliko inavyodhaniwa. The Guardian haitozi ada kusoma, na makala zake ndefu nyingi zina toleo la kusikiliza, jambo linalomfaa mtu anayesafiri kwa matatu kutoka Meru hadi Nairobi. The Elephant, iliyoanzishwa na kundi la John Githongo, huchapisha uchambuzi mrefu wa Kenya, mwingine mzito kama mhadhara, mwingine mwepesi. Africa Uncensored ya John-Allan Namu, iliyoanza 2015, hufanya upelelezi wa video unaohitaji bando la kutosha. The Continent, gazeti la wiki lililoanza Aprili 2020, huja kwa WhatsApp likiwa faili moja na halihitaji kutafutwa. Makala zake si ndefu sana, lakini ni mlango mzuri wa kuingilia. Maktaba za umma za Meru na Embu huwa na magazeti ya siku na meza tulivu, na meza tulivu kwa makala ya maneno elfu 8 ni muhimu kuliko kasi ya mtandao.

Kuhusu namna ya kupendekeza, uzoefu wa wasomaji unaelekea upande mmoja: viungo kumi vikitumwa kwenye kundi la WhatsApp havisomwi hata kimoja. Makala moja, ikitajwa pamoja na sababu yake, muda wake na kasoro yake, husomwa. “Hii ni ya dakika arobaini, inamhusu karani wa Benki Kuu, katikati inapoa kidogo lakini usiache” ni pendekezo. “Soma hii, ni moto” si pendekezo. Mwalimu wa sekondari ya Chuka na muuza miraa wa Laare pia hawapewi makala moja. Wa kwanza ataanza vyema na Kahora, wa pili na sura ya Carrier kuhusu usafirishaji, ambayo ataibishia kwa raha.

Jambo la mwisho ni tarehe. Makala nzuri huzeeka katika mambo fulani na kubaki changa katika mengine, na mpendekezaji hupaswa kusema ni yapi. Makala ya miraa iliyoandikwa kati ya Machi 2020 na Julai 2022 itaeleza soko la Somalia kama limefungwa. Iliyoandikwa kabla ya Juni 2014 itakuwa bado na maduka ya London. Ya muguka iliyochapishwa katika wiki ya nne ya Mei 2024 huenda haina amri ya mahakama ya Embu. Na kitabu chochote kuhusu kambi za Mwea kilichotoka kabla ya 2011 kiliandikwa wakati yale masanduku 300 yalikuwa bado yamefungwa Hanslope Park.